Makoti Uliyoyatoa Kwenye Vigingi vya Shangazi

Goma, mutaa wa Mapendo, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nishuke kutoka mulima wetu.

Mudogo wangu Semahoro,

Ninakusalimu kwanza, kwa sababu mama yetu alitufundisha kwamba hata mutu uliyemukasirikia unamuuliza kama ameamuka vizuri. Basi, umeamuka vizuri? Muke wako, mugongo umempa nafuu? Ng'ombe wamepata majani baada ya ile mvua ya mawe? Sisi huku tunapumua. Muke wangu, Mama Neema, ameruhusiwa kutoka hopitali, yuko kitandani, anakunywa uji, anakohoa, na jana alicheka mara moja. Usije ukadhani kicheko hicho kimemaliza maneno.

Ujumbe wako umefika. Ulimutuma mutu wa fromaji, yule anayeshusha jibini sokoni, naye maskini akasimama mulangoni kwangu na kapu lake kichwani, macho chini, akausema kama mutoto anayesoma katekisimu: «Papa, Semahoro anasema hivi: alichinja ng'ombe dume, wazee wa mulima wakakaa, na wewe haukutokea. Anasema umemupaka masizi mbele ya batu. Anasema kama ulikuwa hautaki kurudi, ungesema tu.» Nikamuuliza kama kuna lingine. Akasema: «Lingine alisema lakini mimi sitalisema.» Nikamupa maji akaenda zake.

Ningeweza kukupigia telefone. Lakini rezo ya kwenu inakatika kila mara, na sitaki maneno haya yakufikie nusu nusu. Yasome yote, na uyasome ukiwa umekaa.

Unasema hatukutaka kurudi. Semahoro, sisi tulikuwa tunarudi kabisa. Uliniomba mara ngapi nije kukaa katika nyumba ya baba, niwe mukubwa wa ukoo mahali pake? Nilipokubali, Mama Neema aligawa sufuria zake kwa majirani. Vitabu vyangu nilivipeleka parokiani. Mutu hagawi sufuria zake kwa kwenda kutembea.

Wala usiseme hatukujua kujiandaa. Barabara ya gari ilikuwa imekatwa na maporomoko, na pikipiki Mama Neema anaiogopa tangu imwangushe. Ilibaki miguu. Mimi nilizaliwa katika njia ile, najua kwamba kutoka hapa mpaka kwetu mutu anapita nchi tatu zisizopatana. Kwanza haya mawe meusi ya volkano, yanayokula soli na kuchemka jua likipanda. Halafu, ukipita Sake, udongo mwekundu wa migombani, unaokamata kisigino na kukivuta chini. Halafu malisho ya juu, ambako ukungu hauanguki, unakuja kwa ubavu, na mvua inaweza kugeuka mawe wakati bado unaangalia jua. Hakuna kiatu kimoja kinachozijua nchi zote tatu.

Nilianza na viatu vya ngozi. Nilivipata sokoni, mutumba ulipofunguliwa mbele yangu: viatu vya watembezi wa mbali, shingo ndefu, soli yenye meno kama msumeno. Nilivijaribu juu ya mawe, upande wa Katindo. Vizuri sana. Muguu ulikaa imara kama umefungwa na fundi. Lakini nilipovitia katika beseni la maji kusudi nione, ngozi ilikunywa, na kukauka haikutaka. Kule juu, kiatu kisichokauka kinakuwa kidonda. Nikavibadilisha kwa jirani anayevunja mawe, vilimufaa yeye, naye akanipa mabote yake ya mupira. Mabote hayaingizi maji, lakini ukivaa hayo juu ya mawe ya moto muguu unaiva ndani kama muhogo. Kwa hiyo nikaamua: tuanze na lugabire, zile sandali za tairi la gari, zinazopitisha upepo na kukauka haraka. Mabote yakae katika sakado, mufuko wa mugongoni, mpaka udongo mwekundu. Na chini kabisa ya sakado niliweka makoti mawili ya sufu, la kwangu na la Mama Neema. Sufu, kwa sababu sufu ikilowa bado inakushika. Pamba ikilowa inakunyang'anya hata joto ulilokuja nalo. Juu nikaweka kipande cha shitingi, turubai la plastiki, cha kujifunika.

Mama Neema akaja akasimama juu ya sakado yangu, mikono kiunoni.

«Papa Neema, hii yote ni ya nini?»

«Ni ya baridi.»

«Na shangazi?»

«Shangazi alikufa.»

«Na vigingi vyake navyo vilikufa?»

Akainama, akaanza kutoa. Nikamwambia tubebe koti moja tu, tulifiche chini ya unga. Akasema: «Dorcas wa kwa shangazi afungue sakado atutilie mahindi ya njiani, akute koti? Atasema tumekuja na chakula chetu kwenye harusi. Tunarudi kwetu, ama tunapita kwa batu?»

«Baridi haijui heshima, mama.»

«Haijui, ndiyo. Na wewe leo umekuwa baridi?»

Akacheka, na mimi nikacheka, na makoti yakabaki Mapendo. Mabote nayo yakabaki.

Jambo hili nalieleza kwa urefu hata kama unalijua, kwa sababu nataka watoto wako nao wasomewe. Babu yetu alikuwa na ng'ombe juu na soko chini, na watu wake walipanda na kushuka kila musimu. Hakutaka mutu wake abebe nguo za nchi tatu mugongoni. Akaweka nyumba njiani. Pale udongo mwekundu unapoanzia aliweka mupwa wake, na pale ukungu unapoanzia aliolewa binti yake, shangazi yetu. Katika kila nyumba, vigingi vya ukutani karibu na mulango. Ukipanda, unaacha kwa mupwa lugabire, unachukua mabote. Kwa shangazi unachukua koti na kofia. Ukishuka, unarudisha kimoja kimoja, kikavu, kilichoshonwa pale ulipokirarua. Hakuna aliyesema koti hili ni langu. Na kupita mbele ya nyumba ya shangazi ukiwa na koti lako mwenyewe ilikuwa kumwambia mwenye nyumba kwamba humuamini. Baba aliwahi kurudishwa na shangazi kutoka njiani kwa ajili ya koti alilonunua. Aliambiwa alivue, alitundike na mengine, ndipo apewe la kuvaa. Akapewa hilo hilo.

Tulitoka Goma na lugabire, unga, shitingi na fimbo. Kwa Rukara, mujukuu wa yule mupwa, mambo yalikuwa sawa. Alitoka nje akipiga makofi: «Angalia, miguu ya Goma! Acha hiyo hapo, acha hiyo hapo, itaniharibia nyumba na moto wake.» Akatutolea mabote yenye viraka vya mupira, yameoshwa, yamegeuzwa chini kusudi panya wasiingie. Ya Mama Neema yalikuwa makubwa. Rukara akayajaza majani makavu ya mugomba, akasema: «Haya alivaa padri mumoja munene, mama. Ukisikia muguu unataka kuhubiri, usishangae.» Tulilala kwake. Asubuhi tukapanda, na mabote yale yalishika udongo kama makucha. Mama Neema aliimba njia nzima. Nilimwangalia mugongo wake mbele yangu nikafikiri kwamba miaka yote ya Goma nilikuwa sijamsikia akiimba akitembea.

Sasa kwa Dorcas, mukwe wa shangazi, mujane anayekaa na vigingi.

Alitukumbatia, akatupa maziwa, akatukalisha, akaongea habari ya watoto, ya mahindi, ya mvua, haraka haraka, na hakuangalia ukuta hata mara moja. Mimi niliangalia. Vigingi vilikuwa vitupu. Pale mwisho vilining'inia vijaketi viwili, kimoja cha rangi ya waridi, kingine kijani cha ndimu. Vyepesi kama ganda la kitunguu.

«Dorcas,» nikasema, «makoti yako wapi?»

Akakaa chini. «Papa, ile makoti Semahoro alibeba.»

«Akapeleka wapi?»

«Alikuja na ule gide anayeleta batembezi. Gide aliona makoti akafurahi sana. Alisema bageni banapenda kuyavaa wakipigwa picha na ng'ombe. Akaacha hizi mbili, akamupa Semahoro sola na taa. Makofia nayo akabeba.»

«Na wewe ulinyamaza?»

«Nilisema, Papa! Nilimwambia, Muzee anakuja na mama, batavaa nini? Akaniambia: 'Dorcas, dunia imebadilika, hata bazungu banavaa hizi juu ya volkano.' Akasema tena sola ni kwa ajili yenu. Mukifika mukute nyumba ya Papa ina mwanga.»

Semahoro, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitesa hopitalini kuliko yote. Kama ungekuwa uliuza kwa tamaa, ningekutukana nikapumzika. Lakini uliuvua ukoo muzima nguo kusudi unipokee vizuri! Na haukunitumia neno. Mutu wa fromaji anashuka kila juma. Uliweza kumutuma aniletee matusi. Haukuweza kumutuma aseme: kaka, safari hii beba koti?

Na hao wazungu wako nitakueleza, kwa sababu wewe umeona picha na mimi nimewaona wakivaa, hapa Goma, miaka mingi. Kijaketi kile ni cha juu tu, cha kuzuia upepo. Chini yake kuna fulana ya sufu iliyobana mwili, na juu ya fulana kuna triko nene. Nyuma yao kuna mutu aliyebebeshwa nguo kavu za kubadilisha, na kule juu kuna jiko na hema. Tena wanapanda musimu wa kiangazi. Wewe uliona ngozi ya juu ukafikiri ndiyo munyama muzima. Ukatoa makoti ya sufu ambayo baba zetu walivaa mvua zao zote, mazito, yenye kola ya kufunika masikio, ukapokea maganda mawili, na hata maganda yenyewe, zipu ya lile la kijani ilikuwa imekufa.

Utauliza kwa nini hatukurudi chini pale pale. Kwa ajili yako. Ng'ombe wako alikuwa amefungwa, wazee wameitwa. Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Dorcas alitaka kutupa blanketi yake, na nyumba ile ina blanketi moja, na watoto wanalala chini yake kama vifaranga. Mama Neema aliikunja akairudisha kitandani. Akavaa kile cha waridi juu ya kitenge, akazunguka uani akimuonyesha Dorcas: «Niko musichana ama siko musichana?» Mimi nikavaa cha kijani, nikakifunga kifuani kwa kamba.

Mvua ilitukuta katikati ya malisho, pale pasipo na muti hata mumoja wa kujificha. Ilikuja na mawe. Tulijifunika shitingi, upepo ukaibeba upande. Maji yaliingia mabegani kwenye mishono ya kile kijaketi, yakashuka ndani, na kwa sababu plastiki haipumui yakabaki humo humo yakitupoza. Chini yake pamba ilikuwa imelowa yote. Tulitembea. Kisha nikasikia ameacha kutetemeka, nikafurahi kama mupumbavu, mpaka nikamuona anafungua kijaketi.

«Joto,» akasema. «Papa Neema, kuna joto hapa. Tukae.»

Alikuwa anaongea polepole kama mulevi, kwa maana baridi ikimushinda mutu inamudanganya kwamba ni joto. Aliniuliza kama Neema ameshatoka shule. Neema ana watoto wanne. Nikamvuta, akakaa. Nikamwinua, akakaa tena. Nikapiga kelele kama muchungaji aliyepoteza ng'ombe, ule mwito wa zamani ambao sikujua kama koo langu bado linao.

Aliyeitika simujui, na yeye hanijui. Ni Muhunde mumoja, si wa kabila letu, anayechunga ng'ombe wa mutu mwingine, ana kibanda cha ndama. Hakuuliza jina wala ukoo. Alimubeba Mama Neema mabegani, akamuingiza kibandani, akamuvua nguo zote zilizolowa, akamuvika koti lake mwenyewe lililokuwa bado na joto la mwili wake, akamulaza katikati ya ndama wawili. Akaniambia: «Muzee, na wewe ingia upande ule. Hapana ona haya, hata mimi nalala hapa.» Akabaki na shati. Alimunywesha maziwa ya moto kidogo kidogo kwa kifuniko cha termosi. Nilimuomba radhi kwa ajili ya shati lake lile. Akasema: «Baridi ya kwetu inanijua.»

Siku iliyofuata homa ilipanda na akaanza kutapika. Yule mutu akaita wengine, wakakata miti wakatengeneza kipoyi, machela ya mabegani, wakamubeba. Kila kilima kilitoa wanaume wake wanne, wakapokea mbele, wakakabidhi nyuma, mpaka chini kwenye gari. Wengi wao hatusali nao, hatuongei nao lugha moja nyumbani, na siku nyingine za nyuma tulikimbiana nao. Tulipita tena kwa Dorcas. Alilia, akatembea nyuma ya kipoyi mpaka kwa Rukara, amebeba mabote ya Mama Neema.

Ni mapafu. Dokta alinionyesha picha juu ya kioo: upande wa kulia wote ni mweupe kama ukungu. Ilikuwa juma zima kabla hajajua kwamba mimi ni mimi. Sasa anajua. Anatembea mpaka mulangoni, anashika muhimili, anapumzika, anarudi. Dokta anasema ataendelea kupata nafuu, lakini kifua kile hakitavumilia tena urefu wa mulima wala baridi.

Nilipoanza kuandika aliniuliza ninamuandikia nani. Nikamwambia.

«Usimulaani.»

«Simulaani. Ninamueleza.»

«Unaandika kwa nguvu sana. Kalamu inatoboa.» Akakohoa, akangoja pumzi irudi. «Muulize ng'ombe alikuwa munene? Hata kipande hatukuonja.»

Basi nimekuuliza. Yeye anakusamehe, na ana haki hiyo, kifua ni chake. Mimi bado. Nitakuambia ni nini kinachonifunga. Ningekuta nyumba ya baba imeanguka, ningejenga. Ningekuta malisho yamechukuliwa, ningekaa na jirani tuongee. Lakini katika njia ile kulikuwa na jambo moja ambalo vita havikulimaliza: mutu wa kwetu alitoka nyumbani mikono mitupu, akijua atavikwa mbele. Watu walikimbia, nyumba zilichomwa, na hata hivyo shangazi alirudi akapigilia vigingi upya. Wewe, wakati wa utulivu, kwa mikono yako, ulivimaliza kwa ajili ya taa.

Ukitaka kufanya kitu, mutafute yule gide akurudishie makoti, hata kama yameraruka. Akikataa, nunua ya sufu, si mengine, ukayashike kwanza kwa mukono wako uyaloweshe uone. Usiyapeleke kwako. Yapeleke kwa Dorcas, na umuombe radhi watoto wake wakisikia. Kisha panda mpaka kwa yule muchungaji wa ndama, umupelekee koti moja kama lake. Nyumba ya baba, na taa yake, umupe Dorcas. Kwake mvua inavuja pembe zote mbili, na ukubwa wa ukoo chukua wewe ukiuweza. Usingoje neno langu lingine juu ya jambo hilo.

Unisalimie muke wako, mugongo asiuinamishe shambani kabla haujapona. Unisalimie mutoto wako wa kwanza, yule mwalimu, ndiye awasomee wengine barua hii. Unisalimie Rukara, na umwambie viatu vyetu vya Goma avipe yeyote anayeshuka. Umusalimie Dorcas kuliko wote, na watoto wake mumoja mumoja. Umusalimie muzee wa kanisa aliyetutolea sala siku tulipongojwa. Mama Neema anakusalimu wewe mwenyewe, kwa mudomo wake.

Mungu akulinde huko juu. Mimi ni kaka yako mukubwa, mwana wa baba yako na wa mama yako.

Sitarudi.